Swali la Yunis Kwenye Mdahalo wa Nyakato

Buhare,
Musoma.
9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Boniphace,

Marahaba, najua ungeanza na shikamoo. Hujambo huko Dodoma? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Sisi wazima, mvua imekata na dagaa zinakauka vizuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wewe na vijana wenzako mmeamua biashara ya mtu binafsi ni unyonyaji, turudi kwenye ujamaa. Sikukasirika. Ngoja nikueleze yaliyonikuta.

Mwezi jana vijana wa Nyakato walifanya mdahalo ukumbi wa kanisa, wakaniita nikatetee ubepari. Nikaenda kifua mbele. Mwandu, kijana wa wakulima wa pamba wa Bunda, akasimama: "Mama, kwa hiyo wewe ni bepari?"

Nikamjibu, "Kama bepari ni anayeuza dagaa zake mwenyewe, niandike wa kwanza. Kamuulize babu yako habari za shamba la kijiji. Kila mtu alikuwaga analima lake kwanza, la wote linabaki magugu."

Ukumbi mzima makofi. Nikajua nimeshinda.

Ndipo akanyanyuka Yunis, binti anayenianikia dagaa hapa Buhare. Hata sikujua kama yumo. "Mama Penina, na sisi tunaoanika dagaa zako miaka mitano, chetu kiko wapi?"

Mwanangu, nikakaa chini.

Juma lile lile nikamwita Yunis na wenzake watatu. Kila mmoja nikampa chanja moja ya kuanikia iwe yake kabisa, anunue dagaa zake mwaloni mitumbwi inapotia nanga, na gari la kupeleka Bunda tukodi pamoja. Kaka yangu, baba yako, akasema nimerogwa. Sasa Yunis anafika mwaloni kabla yangu, na wateja wangu wawili ameshawachukua! Inaniuma kidogo, lakini sijawahi kuona kazi ikifanywa kwa moyo vile.

Mimi soko nitalitetea mpaka kesho. Ila nawe usiwafundishe wenzako kuninyang'anya chanja zangu. Wafundishe kudai za kwao.

Baba yako Werema anakusalimu. Bibi yako Gloria wa Butiama anasema likizo ukipita bila kufika kwake, usimwite bibi tena. Msalimie rafiki yako Gibson.

Mungu akulinde, akupe na masikio ya kusikiliza.

Shangazi yako akupendaye hata ukimwita bepari,

Penina