Salamu Ndefu za Mama Neema

Baba Neema, mwalimu wangu,

Mkeo anaongea. Nimeanza na hilo kwa sababu najua usingesoma mstari wa pili kabla ya kulijua. Jana alimgombeza muuza maziwa mpaka wodi ya wanaume ikacheka.

Ulimkatalia kisu miaka yote, tangu yule mama wa Kalenga tuliyemtoa rovu la shingoni akarudi kwao bila sauti. Lakini tangu tukuzike, rovu la mkeo lilizidi kukua, likamkaba, akawa analala ameketi. Neema akaniambia, "Baba mdogo, mpasueni tu." Niliogopa, Mzee. Niliogopa kweli.

Tulimchoma ganzi shingoni, akabaki macho. Daktari akashika kisu, mimi nikakaa kichwani pake kufanya kazi uliyonifundisha: kusalimia. "Kamwene, Mama Neema." "Kamwene." Watoto? Wazima. Mahindi? Yamebeba. Ulisema salamu ya Kihehe haina haraka, na sauti ikibadilika tu, mkono wa daktari usimame. Siku zile nilikucheka, nikadhani unapiga soga kazini.

Tulipofika kwa ng'ombe, daktari akakibana kiuzi cheupe upande wa kulia ili akikate. Alidhani ni mshipa mdogo wa damu, maana mshipa wa sauti hupanda kutoka chini, ndivyo tulivyozoea. "Ng'ombe..." mkeo akasema, sauti ikakauka. Nikapiga kelele, "Achia, Daktari!" Akaachia. Kumbe mshipa wa sauti wa mkeo ulikatiza moja kwa moja kutoka ubavuni mwa shingo, mahali ambapo hakuna aliyeutazamia. Nikauliza tena habari za ng'ombe. Nikarudia. Kisha: "Ng'ombe hawajambo, shemeji. Mbona unanipigia makelele?"

Nililia palepale, ndani ya kitambaa cha mdomo. Daktari alijifanya haoni.

Mwezi ujao nahamia Mbeya. Kule wagonjwa wengi ni Wasafwa na Wanyakyusa, na salamu zao najua mbili tu. Nakuahidi sitakaa kichwani pa mgonjwa wao kabla sijazijua zote, hadi za kuku.

Pumzika, Baba Neema. Mkeo anakusalimu. Ameanza na watoto, bado hajafika kwa ng'ombe.