Chupa Chini ya Kitanda

Jumanne, 4 Machi
Usaha. Kumbe ndio chanzo cha hii homa ya wiki mbili. Pafu la kushoto walilitoa mwezi wa kwanza, pakabaki uwazi mtupu kifuani — sasa umejaa usaha. Daktari anasema ataingia kwa matundu mawili madogo, na kamera, aoshe. Ikishindikana, atakata mbavu na kuacha kidonda wazi miezi kadhaa. Nikamjibu sawa. Mama watoto akauliza, sawa gani nawe unatetemeka hivyo? Naogopa sana.

Alhamisi, 6 Machi
Niko hai! Vidonda viwili tu, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Mpira unatoka ubavuni mpaka kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda. Daktari kanieleza: aliosha, akajaza maji, akatazama kama mapovu yatapanda pale walipofunga njia ya hewa. Hayakupanda. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ndivyo ninavyotafuta pancha za baiskeli, miaka ishirini na sita, tyubu ndani ya beseni! Nikamwambia karakana yangu ina nafasi. Akauliza kama kuna chai. Mungu ambariki yule binti daktari. Mikono yake haina papara.

Jumamosi, 8 Machi
Homa imeshuka. Mama watoto kanichana nywele, eti nisimtie aibu mbele ya madaktari. Sijawahi kumshukuru mke wangu usoni. Leo nimemshukuru. Akasema dawa zimenipanda kichwani.

Jumapili, 9 Machi
Nimefanya upumbavu. Niliona povu kwenye chupa. Moja, basi. Lakini fundi akishaona povu hatulii. Nikainua chupa, nikaiweka juu ya kabati, usawa wa macho, nitazame vizuri — karakana nzima nimeipanga hivyo. Nesi mkuu akaingia. Hakupiga kelele, alikimbia. Akaubana mpira, akashusha chupa, ndipo akaniambia taratibu: chupa ikiwa juu ya kifua, maji machafu yanarudi ndani. Fundi, hii siyo tyubu.

Kiasi cha maji kimerudi kifuani. Nesi kaona mwenyewe. Na lile povu? Nilikohoa tu, hewa iliyobaki ikatoka. Hakuna pancha.

Sikumficha mama watoto. Akaketi sakafuni, katikati ya mkono wangu na chupa.

Jumatano, 12 Machi
Juzi walipeleka maji ya kifuani maabara. Yakiwa safi, mpira unachomolewa hapahapa kitandani, nikiwa nimebana pumzi. Yakiwa machafu, ni mbavu. Siwezi kumlaumu mtu, nimejitakia mwenyewe. Nesi mkuu wala hana kinyongo; asubuhi kanitandikia shuka na kunitania kuhusu mapovu. Ningekuwa yeye ningenuna mwezi mzima. Nawashukuru wote hawa, hata majibu yakija mabaya. Naandika hapa ili nisije nikakana.

Alhamisi, 13 Machi
Saa nne asubuhi. Daktari yuko kwenye korido na karatasi, anaongea na mama watoto. Mke wangu namwona mgongo tu. Mabega yanatikisika. Analia au anacheka? Miaka kumi na tisa ya ndoa, na kwa nyuma bado sijui kutofautisha.

Nesi mkuu kaingia na trei: mkasi, pamba, plasta. Ananiambia niweke kalamu chini. Nivute pumzi, niibane, nisiiachie mpaka aseme —