Mtoto Niliyemnyima Jina

Hospitalini, Masasi,
9 Julai 2024.

Mpendwa Dada Bibiana,

Shikamoo. Hamjambo huko Songea? Shemeji mzima? Na ule mguu wako uliokuwa ukivimba, umepata nafuu? Ningependa kukuandikia kwamba nasi ni wazima, lakini dada, huku si wazima.

Usikasirike kwamba sikupiga simu. Kwenye simu nitalia tu, nawe hutaambulia neno. Godfrey, jirani yetu, anasafiri kesho, atakufikishia barua hii mkononi. Mwandiko unisamehe. Naandika nimeegemea ukuta, na kifuani nimebeba mtoto.

Ni mtoto wa Mabel. Mwanangu alishikwa na kifafa cha mimba tukiwa nyumbani Mnyambe, mimba ya miezi saba tu. Tukamkimbiza huku, akapasuliwa. Leo ni siku ya sita, anafumbua macho lakini hanitambui. Ananitazama kama abiria aliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi.

Mtoto ni wa kike, njiti, kilo moja na robo. Wauguzi wamenifundisha kumbeba ngozi kwa ngozi, nimejifunga kanga, kutwa kucha, kwa kuwa joto la mtu ndilo linalomkuza. Mama yake hawezi, basi nambeba mimi. Mara nyingine anasahau kupumua. Ndivyo wanavyosema, anasahau. Midomo inabadilika rangi, nami namkuna nyayo mpaka akumbuke. Siku ya tatu alisahau mara nne. Kazi hii simwombei hata adui yangu.

Nisikufiche, nilikata tamaa. Nilikuwa nasali kwa mdomo tu. Padri Danieli alipokuja kumbatiza, nilimfukuza. Unajua kwetu, mtoto akibatizwa harakaharaka hospitalini, kesho yake watu wanatafuta majembe. Nikamwambia maji yake akayamwage kwingine. Na jina sikumpa. Nilimwita "hiki kitoto", nikijidanganya kwamba kisicho na jina hakitaniuma kikienda.

Aliyenigutua ni Mwanakombo. Unamkumbuka, yule jirani tuliyekuwa tukienda naye kuteka maji Kitangari. Amefunga safari kuja kunipokea mtoto, ili nami nipate kuoga na kumwona Mabel. Juzi asubuhi, alipomaliza kujifunga kanga, akaniuliza:

"Mama Mabel, nataka kumwombea dua mjukuu wetu. Anaitwa nani?"

Nikamjibu hana jina.

"Hee! Siku zote hizi wewe ulikuwa unamwombea nani?"

Nilikaa sakafuni nikalia mpaka muuguzi akaja. Ni kweli, nilikuwa namwomba Mungu amponye mtoto huku moyoni nimeshamzika. Hata Mungu angenipa, ningepokea kwa mikono ipi?

Nikamkumbuka Mama yetu. Wewe ulizaliwa njiti kule Chiwata, hospitali iko mbali, na njia imekatwa na mvua. Mama akakuviringisha kwa pamba ya msufi, akakupa jina siku ileile, watu wakasema amerukwa na akili. Kila tone la maziwa alilokupa alikutaja. Miaka yote nilidhani muujiza ni kule kupona kwako. Sasa naona muujiza ulianza mapema, pale alipokuita.

Nikampigia Padri simu, nikamwomba radhi. Akaja mchana uleule, bila kinyongo. Kikombe cha maji alikishika Mwanakombo, Mwislamu wa watu, na hapo tulicheka kidogo. Padri alipouliza jina, nikasema Bibiana.

Tangu juzi amesahau kupumua mara moja tu, na nilipomwita kwa jina alirusha mguu kabla sijamgusa. Muuguzi anasema ni kawaida yao wakianza kukomaa. Sawa, na aseme. Mimi nimemshukuru Mungu hivyohivyo. Lakini uzito haujapanda hata kidogo, na Mabel bado hanijui. Naogopa, dada. Naamini, na huku naogopa.

Njoo. Mwanakombo anarudi kwa wanawe Jumamosi. Shemeji yako Dauda hatoki kando ya kitanda cha Mabel, anamlisha uji kwa kijiko, na mikorosho imetoa maua bila mtu wa kuipulizia dawa. Mimi peke yangu siwezi tena. Jana nilisinzia nimembeba, nikashtuka sijui nimelala muda gani.

Nisalimie shemeji, Stamili na wanawe, na Mama Faruku hapo jirani. Waambie wakiomba wamtaje mtoto kwa jina lake. Mungu aliyekulea wewe kwenye pamba akufikishe salama.

Ukifika, usilie mlangoni. Nawa mikono, vua sweta, nikukabidhi somo wako.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Happiness