Munyu wa Mboga Katika Bahari ya Madam

Longonot,
Jumapili jioni

Mpenzi Mama Kageha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na hilo goti lako linalokataa kupanda kilima likiona ndoo ya maji. Limepoa kidogo? Mvua imefika huko Vihiga? Huku ni vumbi tu linaloshuka mlimani. Mimi ni mzima, ila suruali inaniambia nimenenepa. Ni viazi vya Molo. Mtu akikosa wa kuongea naye, hula.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu ungenikatiza kabla sijafika katikati. Fundi mmoja anasafiri kesho, atakuletea barua hii mkononi. Soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Unajua kazi yangu hapa ni ile bahari ya madam. Wewe huiita karai la samaki, lakini ni kioo kirefu kuliko kitanda chetu. Maji ya chumvi tunayachanganya wenyewe, na ndani kuna samaki wa rangi na matumbawe. Matumbawe si mawe, nilishakwambia ukacheka. Ni wanyama, wanajijengea nyumba kwa vitu vilivyomo majini, na kimoja ni alkali. Alkali ni kama magadi kwa mboga ya mrenda: kidogo hulainisha, ikizidi huchoma ulimi. Maji yakipungua tunaongeza ya mvua, maana ya kisima huku yana magadi yake tayari.

Sasa ule munyu wa maji ulionitumia kwenye jerikeni, ulioutengeneza kwa majivu ya maganda ya maharagwe. Ulinifikia salama. Nilipika kunde siku hiyohiyo, nikafunga mlango, nikala polepole, chumba kizima kikanukia kama jikoni kwako. Jerikeni nikaiweka chini ya ngazi. Akili yangu unaijua: hapo ndipo yanapokaa maji ya mvua.

Jumapili iliyopita nikiwa kanisani, Chege, mlinzi wetu, alisikia pampu ikilia kwa kukosa maji. Akaamua kunisaidia. Akamimina jerikeni yote.

"Si ni maji ya mvua, Baba Kageha?"

"Mvua gani ya rangi ya chai, mzee?"

"Nikadhani ni kutu ya mabati."

"Huo ni munyu! Wa kupikia mboga!"

Akanitazama vizuri. "Nyinyi watu hupika mboga na majivu?"

"Na wewe umepika samaki wa madam."

Tulicheka. Halafu tukaacha. Asubuhi ncha za matumbawe zilikuwa nyeupe kama mfupa. Madam alipima mwenyewe. Hudondosha dawa kwenye maji mpaka yageuke kutoka bluu yawe manjano, na siku hiyo alidondosha na kudondosha, bluu ikakaa palepale. Chege maskini akasema tukamulie ndimu, iishe mara moja. Madam akakataa. Alkali ikishuka ghafla, hata yaliyobaki yatakufa. Tuache ile dawa ya alkali tunayoongeza kila siku, tubadilishe maji kidogo kidogo, tungoje matumbawe yaile alkali yenyewe.

Kisha akauliza, "Nani alimwaga?"

Chege alikuwa nyuma yangu, kofia mkononi. Macho yake yana ukungu, Mama Kageha. Akitoka hapa, nani atampa tena kazi ya ulinzi? Nikasema, "Jerikeni ni yangu, madam." Na ni yangu kweli.

"Basi utakaa nayo mpaka itulie. Ruhusa yako ingoje."

Yeye amekwenda safari, na Chege hawezi kutofautisha bluu na manjano. Kwa hivyo Jumamosi, wageni wa Kageha wakija kuleta mahari, mimi sitakuwepo. Nimezunguka sana kabla ya kuliandika hilo. Koti nilikuwa nimeshalipiga pasi.

Ndugu yangu akae kwenye kiti changu, lakini mnyime busaa mpaka mazungumzo yaishe, la sivyo atamtoa binti yetu kwa mbuzi mmoja kilema. Wakiuliza baba yuko wapi, sema yuko kazini. Usiseme kazi gani, ili wadhani ni jambo kubwa.

Leo nimepima, alkali imeshuka kidogo. Jioni huketi mbele ya kioo, taa yake ndiyo taa pekee katika nyumba yote. Kuna samaki mmoja wa rangi ya chungwa nimempa habari zote za arusi. Anafungua mdomo, anafunga, kama mchungaji aliyesahau andiko.

Nisalimie mama, mwambie ninakula. Msalimie jirani anayetukamulia ng'ombe, na shangazi wa Kageha aliyeahidi kupika.

Kageha naye mwambie... hapana, usimwambie kitu. Siku hiyo, wakimwita atoke mbele ya wageni, kabla hajafungua mlango, umshike mkono mara mbili. Mara ya kwanza ni wewe. Ya pili, kaza kidogo, maana mkono wangu ni mzito.

Ni mimi mumeo,
Baba Kageha