Mtamba kwa Garantii

Kerende, Nyamongo
5 Machi 2013

Bibi yangu Mokami,

Shikamoo. Natumaini miguu imepoa na mvua zimeanza huko Nyansurura. Mimi mzima. Kikohozi cha vumbi la karasha, hizi mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kinakuja na kuondoka kama jamaa wa ukoo.

Sipigi simu kwa sababu mara ya mwisho ulijibu "salama" tu mpaka salio likaisha. Masikio yako yakikataa, macho bado yanasoma.

Habari kubwa ni kwamba Jumamosi nimenunua pikipiki Tarime, kwenye duka la Shamsudin. Shimo letu lilitoa vizuri mwezi wa kwanza na wa pili, kisha likajaa maji. Wenzangu wengine wameziingiza hela zao kwenye bia. Mimi nimezitia kwenye chuma. Nabeba viroba vya mawe kutoka mashimoni mpaka karasha. Dhahabu inakwisha, lakini mawe ya kubebwa hayakwishi.

Sasa shida. Pikipiki imekuja na garantii ya miezi sita, bure. Shamsudin anauza garantii ya nyongeza, inafika miaka miwili. Bei yake ni sawa na mtamba mmoja, na mwisho wa kununua ni tarehe 31 mwezi huu. Hela nimemaliza. Nilichobaki nacho ni yule mtamba mwekundu uliyenitunzia.

Najua yumo kwenye hesabu ya mahari ya Gati. Baba yake, Mzee Heche wa Issenye, anataka ng'ombe kumi mwezi wa nane, baada ya mavuno, na amesema wazi kuwa kuna watu wa Mugumu wameshauliza habari za binti yake. Tunao saba. Nikimuuza mtamba wanabaki sita. Lakini injini ikifa nikiwa sina garantii, hao watatu waliobaki nitawapata wapi?

Niambie. Uuze?

Mjukuu wako,
Nyangwine


Nyansurura
9 Machi 2013

Nyangwine, mume wangu,

Marahaba. Nakuita mume kwa sababu umebeba jina la marehemu, na yeye pia alikuwa akinunua kwanza, kisha anauliza. Miguu inauma asubuhi, jioni inasahau. Mvua imenyesha mara mbili. Mtamba mzima, amenenepa, hajui kwamba anaandikiwa barua.

Mimi ni balozi wa nyumba kumi mwaka wa kumi na tisa. Sijagonga muhuri karatasi ambayo sijaisoma. Nimekwenda kwa watu watatu wenye pikipiki hapa kwetu nikawauliza nini kiliharibika katika miaka miwili ya kwanza.

Baba yako mdogo Simioni: matairi, mnyororo, na kioo cha pembeni. Kioo kilivunjwa na beberu aliyejiona humo akadhani ni mwenzake.

Katekista: breki na taa. Amesema ni majaribu.

Bwana mifugo: injini. Alipewa mpya, kwa sababu alikuwa na karatasi.

Kwa hiyo ni mmoja kati ya watatu. Hiyo si ndogo wala si kubwa.

Nataka mambo matatu. Nakili maneno ya karatasi, yote, hata yale madogo ya chini. Andika unatembea kilomita ngapi kwa siku. Andika mita inasoma ngapi leo, usikisie, uende uitazame.

Gati alipita akitoka kuuza sare za shule alizoshona. Huwa ananiandikia kwenye daftari nikishindwa kumsikia. Nimempa barua yako. Ameandika: "Aamue mwenyewe, ila mwezi wa nane asije Issenye na karatasi akasema ndiyo ng'ombe wa kumi." Nimemwona akicheka, lakini alikandamiza kalamu mpaka ukurasa wa pili.

Mkeo mzee,
Bibi Mokami


Kerende
19 Machi 2013

Bibi,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mvua imenyesha. Hapa imenyesha pia, na mashimo mawili yameporomoka, lakini hakuna aliyekuwa ndani. Mimi mzima, mgongo tu.

Nimekwenda Tarime kwa sevisi ya kwanza na nimesoma karatasi nimesimama hapohapo dukani. Inasema hivi. Garantii ya bure: miezi sita au kilomita elfu sita, kitakachotangulia. Garantii ya nyongeza: miaka miwili au kilomita elfu ishirini, kitakachotangulia. Zote zinalipia injini na gia boksi tu. Matairi, mnyororo, klachi, breki na taa hazimo. Sevisi ifanywe kwao na igongwe muhuri. Fundi mwingine akifungua injini, imekufa. Mita ikiguswa, imekufa. Mzigo usizidi kilo mia na hamsini. Nimeuliza kuhusu mawe, Shamsudin akasema karatasi inataja kilo, haitaji mawe.

Nikamwambia, "Mzee, hiki unachoniuzia siwezi kukiona."

Akasema, "Kijana wangu, mimi nauza pikipiki na nauza moyo kutulia. Pikipiki unaiona. Hilo la pili huwezi kuliona."

"Kama halionekani, mbona lina bei ya mtamba?"

"Mganga naye anauza kisichoonekana, na hamumwombi apunguze!"

Duka zima likacheka. Si mtu mbaya. Alininunulia chai.

Kazi yangu ni kilomita arobaini kwa siku, sizidishi. Mita leo asubuhi inasoma 1,904. Siku zimebaki kumi na mbili.

Mjukuu wako,
Nyangwine


Nyansurura
23 Machi 2013

Mume wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mtamba mzima. Pole na mgongo.

Nimechukua kalamu. Siku uliyoitazama mita ulikuwa na pikipiki siku kumi na saba. Kilomita 1,904 kwa siku kumi na saba ni mia moja na kumi na mbili kwa siku. Wewe unasema arobaini. Arobaini kwa siku hizo ni 680. Hizo nyingine 1,224 nani kazitembea?

Usijibu, najua. Ni wa saro yako. Najua aliyeingia jando nawe mwaka mmoja hanyimwi chakula wala kiti. Mila haikutaja pikipiki, ninyi vijana mmeiongeza wenyewe.

Sasa tazama. Kwa mwendo huo elfu sita zinakwisha mwezi wa nne, na elfu ishirini zinakwisha mwisho wa mwezi wa nane. Hiyo miaka miwili unayouziwa ni miezi sita. Utakuwa umeuza mtamba ili yule mwenzako Kisyeri akatembee.

Lakini ukitembea arobaini zako tu, garantii ya bure inakufikisha karibu mwisho wa mwezi wa sita, hatua chache kabla ya Issenye. Haikufikishi Issenye. Nalisema hilo ili usije kuniambia sikulisema.

Mtamba ni wako. Ukiandika tena "uza", nitamuuza siku hiyohiyo. Ukikataa, tutakuwa tumebahatisha, na ujue hivyo.

Maneno yafuatayo uwasomee wenzako kwa sauti:

"Waume zangu. Ninyi ni saro moja na Nyangwine, kwa hiyo wote mmenioa, na mke hana adabu kwa mumewe. Nasikia mnapanda pikipiki kwenda Sirari kunywa soda. Atakayeipanda tena, nitakuja Kerende na kitanda changu, nitakiweka mlangoni kwake, nidai kanga, sukari na kuchanjiwa kuni mpaka nife. Na kwetu hatufi mapema."

Mkeo, na wao,
Bibi Mokami


Kerende
2 Aprili 2013

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, na leo nacheka bado.

Nimesoma maneno yako kwenye kibanda cha chai. Kisyeri alicheka mpaka akamwaga chai yake, kisha akatoa ufunguo mfukoni. Kumbe alishauchukua. Akasema, "Huyu bibi nimemwona. Atakuja kweli na kitanda." Ulikadiria sawa: yeye kaenda Sirari mara nne, Joram kaenda Mugumu kwa wakwe mara tatu, na wengine siwataji. Jana Joram alikwenda kwa wakwe na basi.

Tarehe 31 ilikuwa Pasaka. Nilikwenda Tarime kwa gari, nisiongeze kilomita. Nilikaa nje ya duka la Shamsudin nikala machungwa mawili. Kisha nikaingia nikamwambia sinunui.

Akasema, "Haya. Mungu akulindie gia boksi."

Usimuuze mtamba.

Mjukuu wako,
Nyangwine


Nyansurura
20 Mei 2013

Mume wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Wiki saba kimya.

Simioni amekwenda Issenye kumwomba Heche asogeze siku. Amekataa. Amesema ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, ng'ombe kumi, na wa Mugumu wamepita tena kusalimia.

Kwa hesabu yangu mita inasoma 4,384. Nimekosea kwa ngapi?

Bibi Mokami


Kerende
3 Julai 2013

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua yako ilifika, ulikosea kwa kilomita kumi na nane. Kazi ilikuwa nyingi na nilinunua ng'ombe wawili mnadani, Simioni atawapitisha kwako. Kisha Alhamisi iliyopita nikawa na barua ndefu ya kuandika.

Nilikuwa napandisha na viroba viwili. Gia boksi ikalia kama mbwa aliyekanyagwa, gurudumu la nyuma likakaza. Nikatazama mita kabla sijatazama kitu kingine: 5,981.

Zilikuwa zimebaki kumi na tisa, na Tarime ni mbali zaidi ya hapo. Fundi wa hapa alikuja na spana, nikasimama mbele yake kama kipa. Joram akasema tuchomoe waya wa mita. Nikamsomea karatasi. Kisyeri akasema tuisukume mpaka barabarani, tutafute kenta ya kuibeba. Lakini mita ya pikipiki hii inazungushwa na gurudumu la mbele, Bibi. Ukiisukuma, inahesabu. Na kenta haifiki mashimoni.

Kisha Kisyeri akavua shati akasema, "Aliyezitembea azibebe."

Tulikata miti miwili, tukaifunga pikipiki juu yake, tukawa sita mabegani. Umbali ni kama kilomita mbili za miinuko. Mzee mmoja alivua kofia kabla hajaona usukani. Akina mama kisimani wakasimama.

"Poleni jamani! Ni nani?"

"Ni shemeji yenu," Kisyeri akajibu.

"Kafariki lini?"

"Hajafa! Bado yuko ndani ya garantii!"

Walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya ndoo yake. Tulipata kenta, tukailaza, tukafunga gurudumu la mbele kwa kamba.

Shamsudin alitoka nje. Alisoma mita. Alikagua waya, alikagua lakiri ya injini, alihesabu mihuri ya sevisi, akarudia kusoma mita. Akauliza imefikaje. Joram akamwonyesha bega.

Akasema, "Miaka ishirini nauza pikipiki. Hii ndiyo ya kwanza kuletwa kama bibi harusi." Akaingia ndani kuita fundi.

Imewekwa gia boksi mpya. Sikulipa kitu. Jana niliichukua. Njiani kurudi ikafika 6,000. Nilisimama kando ya barabara nikaitazama, kisha nikaendelea, kwa sababu viroba vilikuwa vinangoja.

Amebaki ng'ombe mmoja.

Mjukuu wako,
Nyangwine


Nyansurura
12 Agosti 2013

Nyangwine, mume wangu,

Marahaba, na hujambo wewe na hao wabebaji. Mabega yao yamepona? Mimi mzima.

Kwanza, usitembee Kerende ukisema tulikuwa na akili. Gia boksi ingevunjika siku moja baadaye, ningekuwa nimekuharibia, na hii ingekuwa barua nyingine. Tulibahatisha, tukapata. Andika hivyo ukiwasimulia watoto.

Pili, bwana harusi haruhusiwi kuwapo, kwa hiyo nakupa taarifa ya Jumamosi. Wanawake nao hawakai kwenye hesabu ya ng'ombe, lakini balozi anakaa popote. Tulifika Issenye saa nne asubuhi. Ng'ombe walikuwa kumi. Yule wa mwisho uliyemleta wiki iliyopita ni mwembamba, na nilimsimamisha katikati. Heche aliwahesabu mara mbili, kisha akamwita mdogo wake naye akawahesabu. Wa Mugumu hawakuonekana.

Gati alikuwa jikoni. Alitoka mara moja, akaniandikia kwenye daftari: "Wamefika wote?" Nikamwonyesha vidole kumi. Akafunga daftari, akarudi kupika, na ugali wa siku hiyo uliungua.

Basi tukadhani yamekwisha. Heche akazunguka yule mtamba mwekundu, akamshika masikio, akamfungua mdomo. Unajua ana sauti ya kufukuza nyani shambani, huyo namsikia vizuri. Akauliza mbele ya watu wote, "Na huyu akifa kabla hajazaa, nitamwuliza nani?"

Simioni akaanza kukohoa. Nikamjibu mimi. Nikasema, "Miezi sita, bure."

Akafikiri. Akasema, "Na nikitaka miaka miwili?"

Nikamwambia aketi chini, hilo lina bei yake.

Mkeo mzee, ambaye sasa ana mke mwenza,
Bibi Mokami