Kibao nilichokibeba kwenda makumbusho

Ijumaa jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa Juni unaopenya hata sweta mbili, nami nimejifungia ndani na chai ambayo sijaigusa. Si baridi iliyonifungia. Nina aibu.

Leo nimewapeleka darasa la sita makumbusho. Ni chumba kimoja tu pale mjini: majembe ya kale, ngoma, mawe ya kusagia ulezi, ndege waliokaushwa kutoka Ziwa Rukwa. Wiki nzima niliwaandaa. Jana niliandika ubaoni, tena kwa chaki nyekundu, "Mwacha mila ni mtumwa", nikawaambia wanakili. Wakanakili.

Kwenye mkoba nilibeba maji, daftari la mahudhurio na kibao.

Kibao ni kipande cha mbao chenye kamba. Shuleni kwetu mtoto akisikika anaongea Kifipa anavishwa shingoni, na anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Aliyekileta ni mimi. Nilipohamia hapa kutoka Mbeya, miaka minane iliyopita, niliona watoto wanafeli kwa sababu Kiswahili kinawalemea, nikakumbuka dawa tuliyopewa sisi tukiwa wadogo. Nikasifiwa kikaoni. Nisijifiche humu: nilizipenda zile sifa.

Na sokoni nina mama wangu wa mchele, mtu wa Kyela. Tunaongea Kinyakyusa chetu mpaka wateja wanachoka kusubiri. Mimi hakuna anayenivisha kitu.

Mtunzaji wa makumbusho ni mzee mpole mwenye koti kubwa kuliko yeye. Aliinua bomba fupi la udongo, jeusi mdomoni kwa kuungua, akaeleza kwamba wazee wa Ufipa walipoyeyusha chuma waliyapanga mabomba kama haya chini ya tanuru ili upepo uingie. Kisha akatuonyesha kadi ya maelezo ya bomba hilo. Sehemu ya jina ilikuwa tupu. Mwenzake aliyeyajua majina ya Kifipa alifariki kabla hawajayaandika yote, kwa hiyo kila shule ikija yeye huwauliza watoto.

"Wajukuu zangu, kwenu hiki mnakiitaje?"

Kimya. Watoto arobaini na wawili, na wengi wao nyumbani hawaongei kitu kingine ila Kifipa.

Nilimwona Skolastika. Anakaa dawati la mbele, mtoto wa wakulima, anaishi na bibi yake nyuma ya kanisa. Midomo yake ilishaanza kufunguka. Akanitazama mimi, halafu akautazama mkoba wangu.

Ningeweza kusema, "Sema, mwanangu." Maneno mawili tu. Badala yake nikamwambia mzee, "Hawa ni watoto wa mjini, shikamoo yenyewe wanaikumbuka kwa shida." Nikacheka kidogo. Mzee naye akacheka kwa heshima, akairudisha kadi ndani ya boksi.

Nilidanganya mbele ya watoto wangu, na wote walijua kwamba nadanganya.

Tulirudi kwa miguu, wawili wawili. Karibu na shule Skolastika akatoka kwenye mstari, akaja kusimama mbele yangu na mikono nyuma.

"Mwalimu, mimi nimelisema lile jina. Nimemnong'oneza Deo kule ndani."

Nikamuuliza amelijuaje. Akasema kwao lipo bomba moja kama lile, lilikuwa la babu wa babu yake, na bibi hulitumia kuzuia mlango wa banda la kuku. Kisha akainamisha shingo.

Hakukamatwa na mtu. Alikuja mwenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha.

Na mimi nikamvisha.

Nimejaribu kujitetea tangu saa tisa: kwamba wenzake walikuwa wanatazama, kwamba sheria ni sheria, kwamba mkono ulitangulia akili. Hakuna utetezi unaosimama. Mtoto alikuwa na kitu ambacho makumbusho yote hayana, nikamfungia kamba.

Kengele ikalia, wakatawanyika. Nilipokumbuka kukichukua kibao, alishaondoka. Ni Ijumaa. Kwa sheria yangu mimi atakaa nacho mpaka Jumatatu, na nyumbani hana wa kumkamata isipokuwa bibi yake.

Kesho asubuhi nitakwenda. Nyumba naijua. Nitampa bibi yake shikamoo, nitakichukua kibao changu nikakitie jikoni kwenye kuni, kisha nitamwomba anitajie jina la lile bomba, nimpelekee mzee kwa ajili ya kadi yake Jumatatu nikiwa na Skolastika, alitaje yeye mwenyewe kwa sauti. Hilo nimeliamua.

Lakini kabla ya yote hayo bibi atanikaribisha, atanipa kigoda na uji wa ulezi, kwa kuwa mwalimu amekuja. Halafu ataniuliza mjukuu wake alikosa nini.