Mashine ya Kupima Mwanga

Jumatatu, 9 Agosti 1982

Betri za mashine tena. Nimezianika juani juu ya bati la ofisi tangu saa mbili, maana mpya hazipatikani Shinyanga nzima. Profesa wa mradi kaniona, kacheka, kapiga picha. Picha itakwenda kuonyeshwa kwao: fundi wa Tanzania akianika betri kama dagaa.

Land Rover ya mradi imeoshwa. Mlangoni ina bendera za nchi nne. Yetu haimo. Nilipomuuliza mkuu wa ofisi kasema sisi ndio wenyeji. Mwenyeji kazi yake kubeba mashine.

Keshokutwa kijijini, mbele kidogo ya Samuye. Mkuu kanichagua mimi niwaeleze wananchi kwa Kiswahili, kisha balozi wa nyumba kumi atawafasiria kwa Kisukuma. Kisa eti Kiswahili changu. Marehemu baba alitoka Pangani, na alichotuachia ni saa ya mkononi na lugha safi. Nimefurahi. Najiandikia mwenyewe, sina haja ya kujificha: nimefurahi mno.

Jumanne, 10 Agosti

Profesa kanieleza mradi upya. Nchi zao zinatafiti vinu vipya vya atomi, vya kutoa umeme. Kabla ya kujenga wanataka kujua binadamu anaweza kuishi na kiasi gani cha kitu kile bila kudhurika. Katika mawe yetu kitu kile kipo tangu Mungu aumbe, na watu wamelala juu yake vizazi na vizazi. Kwa hiyo wanapima kwetu ili wawe salama kwao. Yeye hakusema hivyo. Alisema "ushirikiano".

Shida ni jina. Profesa ana neno la kwao, refu, hakuna mtu wa kijijini atakayelishika. Nimehangaika mchana kutwa. Miale? Hiyo ya jua. Sumu? Mkuu kakataa, watu watakimbia. Saa kumi nikalipata: mwanga. Mwanga usioonekana. Nikaijenga hotuba yote juu yake.

Nimemsomea Mama Zuhura jikoni, anapeta mchele. Kasema "Mh." Sikumuuliza hiyo mh ni ya nini. Mke wangu hajui mambo ya hotuba.

Jumatano, 11 Agosti

Nimeongea vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Watu walijaa mbele ya ghala la pamba. Nikawaambia wageni wamekuja na mashine ya kupima mwanga. Si huu wa jua wala wa taa. Huu hauonekani. Unapita ukutani bila kubisha hodi. Unaingia mwilini mtu akiwa amelala, wala hasikii kitu. Nikawaambia vinu vya atomi navyo vina mwanga huo huo. Mama mmoja akauliza hicho kinu kinatwanga nini. Watu wakacheka. Nikajibu kinatwanga vitu vidogo sana visivyoonekana. Kicheko kikaisha.

Balozi Masanja akafasiri. Mtu wa makamo, mpole, Kiswahili chake kizito. Alipomaliza pakawa kimya kabisa. Nikadhani wamevutiwa.

Tukapima nyumba kwa nyumba, umati nyuma yetu, na kila nyumba tukaiandika namba kwa chokaa. Kote mashine ilitatarika kidogo kidogo tu. Mpaka namba kumi na saba. Humo anakaa Mama Minza, mjane, mtu mzima sana. Anapikia kinyesi cha ng'ombe kwa kukosa kuni, na moshi umemwivisha macho, mekundu. Tulipoingia jikoni mashine ikalia mfululizo, mpaka nje wakaisikia. Ni yale mafiga yake matatu. Aliyaokota kwenye shimo la zamani walilochimba wazungu wakitafuta dhahabu, wakaliacha.

Akaniuliza, "Baba, kinalia nini hicho?"

Nikamwambia, "Kimepata mwanga, mama."

Akacheka. "Humu? Humu giza tupu!"

Profesa alifurahi mpaka akamshika mikono yote miwili. Kampiga picha. Akatoka nje, akaizungushia namba ya mlangoni duara kubwa jeupe. Watu wote wanatazama. Siku nzuri. Nimechoka.

Jumamosi, 14 Agosti

Sokoni muuza mchele kaniuliza kama ni kweli serikali imeleta mashine ya kukamata wachawi. Nikacheka. Nikarudi nyumbani na kichekesho changu, nikamsimulia Mama Zuhura.

Hakucheka. Kasema, "Si uliwaambia mnapima mwanga?"

Nikakaa chini.

Mwanga. Mtu wa usiku. Mtoto wa darasa la pili anajua mwanga ni nani: anapita ukutani, anamwingilia aliyelala, haonekani. Nimesimama mbele ya umati nikamwelezea mwanga mchawi sifa zake zote, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili safi cha Pangani. Halafu nikaingia na mashine kwa bibi mwenye macho mekundu, mashine ikapiga kelele.

Mjinga mimi.

Jumanne, 17 Agosti

Balozi Masanja kaja ofisini kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Kasema Mama Minza akifika kisimani wenzake wanaondoka. Mtoto wa jirani ana homa na wanasema ni yeye. Jana kuna mtu kalipitisha panga juu ya lile duara la chokaa, alama ya msalaba.

Nikamfokea. Nikamuuliza yeye alifasirije. Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi.

"Bwana Salum, wewe ulisema mwanga. Mimi nikasema balogi, ndio wachawi kwetu. Ningesemaje tena? Nipe neno lingine nikawaambie."



Jumatano, 18 Agosti

Nimemwomba Profesa mambo mawili. Twende tukawaeleze upya. Na yale mafiga tuyatoe pale.

La kwanza, hana nafasi, wiki ijayo ana mkutano na wenzake. La pili hapana kabisa. Namba kumi na saba ndicho kipimo bora walichopata tangu waanze, na mwakani wenzake watakuja kupima tena, kwa hiyo jiko libaki kama lilivyo. Kasema mawe hayo hayawezi kumdhuru yule mama, hana haja ya kuogopa. Nikamwambia anachoogopa si mawe, ni lile neno la Masanja, balogi. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniuliza herufi za neno "balogi".

Mkuu wa ofisi kaniita baadaye. Nisitie aibu mbele ya wageni. Nikasema ndiyo mzee. Nina watoto wanne. Nikasema ndiyo mzee mara mbili.

Jumapili, 22 Agosti

Nimeichukua mashine bila ruhusa. Ikijulikana, kazi sina.

Nimepata lifti ya lori la pamba hadi Samuye, kisha miguu. Masanja akaita watu. Safari hii sikupamba. Nikayatoa mafiga ya Mama Minza uwanjani, moja moja, mashine ikalia. Nikaipeleka jikoni kwake, ikatulia. Nikampima na yeye mwenyewe, kichwa mpaka miguu, ikatulia. Nikasema mnaona, ni mawe, si mtu. Mzee mmoja akajibu kupitia kwa Masanja: kumbe ndimo anamouficha uchawi wake.

Hapo nikakumbuka saa. Siku ya kwanza ya kazi Profesa alinivua saa ya marehemu baba, kwamba namba zake zinazong'aa gizani zimepakwa dawa yenye kitu kile kile, itamharibia vipimo. Nikaifuata kwenye mkoba niliouacha pembeni, nikaivaa, nikaisogezea mashine mbele ya watu wote. Ikalia kweli kweli. Nikawaambia, haya, na mimi je?

Nilitegemea wacheke.

Yule mzee akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Basi na wewe umo."

Wakasogea nyuma. Hakuna aliyeniaga. Mawe nimeyarudisha kwenye shimo lake na Mama Minza kapewa mengine matatu ya kawaida na Masanja. Nikamwomba aende Chato kwa binti yake Minza, hata kwa mwezi mmoja. Kakataa. Kasema ana kaburi la mumewe na mbuzi sita, na Chato kunanuka samaki. Mgeni kwa Wasukuma husindikizwa, na pale ambapo hakuna aliyenyanyuka, yeye akanyanyuka. Kanisindikiza mpaka njia panda, anaongea muda wote, nusu Kisukuma, nusu Kiswahili. Nilishukuru sana. Nilijiona nimefanya jambo.

Jumatatu, 23 Agosti

Nimeirudisha mashine kabla mkuu hajafika. Hakuna aliyejua.

Nimemwandikia Minza barua, nimempa kondakta wa basi la Geita aiunganishe mpaka Chato. Nimeandika: njoo umchukue mama.

Ijumaa, 3 Septemba

Wamemuua Mama Minza.

Masanja kaja kunieleza. Jana asubuhi, akiwa shambani anang'oa miti ya pamba ya kuni. Mapanga. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Polisi wamekuja, wameandika, wameondoka.

Nikamuuliza kwa nini, baada ya yote yale. Hakutaka kusema. Nikambana. Kasema watu walituona tunakwenda njia panda. Wanga wawili, wanaongea, hawana haraka.

Jumamosi, 4 Septemba

Siwezi kula. Mama Zuhura kakifunika chakula, kakirudisha jikoni.

Jumatatu, 6 Septemba

Minza kaja ofisini, ametoka kumzika mama yake. Barua yangu aliipata Alhamisi. Siku ile ile. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anauza samaki, mrefu kama mama yake. Kanipa shikamoo. Sikujua niipokee vipi, nikasema marahaba kwa sauti ya mtu mwingine.

Akaomba kuiona mashine. Nikamtolea. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipime."

Nikampima. Ikatatarika kidogo, kama kwa watu wote.

"Kwa hiyo mimi siyo."

"Hapana, dada. Siyo."

"Na mama?"

"Mama hakuwa. Nilimpima."

Akashusha mikono. Kasema, "Uliwaambia hivyo kwa maneno gani?"

Nikaanza kueleza. Hotuba, mafiga, saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, kisha akachukua kikapu chake akaondoka. Angenitukana ningelala.

Alhamisi, 16 Septemba

Profesa anaondoka kesho. Tumemfanyia tafrija, soda nusu nusu kwa uhaba. Mkuu kahutubia juu ya ushirikiano wa mataifa na usalama wa atomi duniani. Makofi.

Habari ya Mama Minza alikuwa nayo. Kanipa pole, na naamini ilitoka moyoni, machozi yalimlengalenga. Kisha akauliza kama nyumba bado imesimama, kwa ajili ya mwakani. Nikamwambia mawe nimeyatupa. Rangi ikamwisha. Hakupandisha sauti. Kasema tu, "Bwana Salum, kazi ya miezi sita." Namchukia. Halafu nakumbuka neno halikuwa lake, lilikuwa langu, na chuki inarudi nyumbani.

Jumanne, 5 Oktoba

Waraka kutoka Dar es Salaam umenifikia leo, umepitia ofisi tatu. Maneno mapya ya Kiswahili kwa ajili ya sayansi, kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tisa wamelitafsiri lile neno la Profesa. Mionzi. Tarehe ya waraka ni ya mwezi Mei. Ulikaa mezani kwa mkuu, chini ya kalenda, wakati mimi nahangaika kutafuta neno.

Nimelisoma kwa sauti. Mionzi. Neno zuri. Halina ubaya na mtu.

Jumanne, 19 Oktoba

Geita. Tumelala Kalangalala, nyumba ya wageni yenye kunguni. Kaja mtafiti mwingine wa mradi, kijana, hana maneno mengi. Tumepima karibu na mgodi wa zamani, ambako watu wanachokonoa mabaki ya mawe wakitafuta dhahabu.

Walisimama na sululu zao, wakauliza tunafanya nini. Nilikuwa na waraka mfukoni. Nikasema tunapima mionzi. Wakatazamana. Mmoja akauliza mionzi ndiyo nini. Nikautoa waraka, nikaukunja tena mfukoni, yule kijana mzungu akanigeukia.

Nikasema, "Tunapima mawe."

"Aa, mawe," akasema yule mchimbaji, na wote wakarudi kwenye kazi yao.

Tumemaliza saa tisa. Mvua imeanza kunyesha, ya kwanza msimu huu.